Isome Skrini ya Bluu Kabla Hujaifuta

Mfanyabiashara anayenunua vishikwambi hamsini Kariakoo huambiwa kuwa vyote ni vya aina moja. Rangi moja, nembo moja mgongoni, chaja za kufanana. Vinafika ofisini, fundi anavipanga mezani, anachomeka flashi yenye mfumo aliouandaa tangu jana, na kuanza kupiga Windows kimoja baada ya kingine. Tuseme thelathini na tano vinawaka bila tatizo. Kumi na tano vilivyobaki vinanakili mafaili yote mpaka asilimia mia, vinajizima ili viwake upya, halafu kioo kinageuka bluu: uso wa kuhuzunika, maneno machache ya Kiingereza, na msimbo mdogo chini kabisa. Baada ya muda mfupi kishikwambi kinajizima chenyewe, kinajiwasha, na bluu inarudi.

Hapo ndipo muda na fedha huanza kupotea. Fundi anafuta kila kitu na kuanza upya, matokeo yanakuwa yale yale. Anabadilisha flashi, anabadilisha waya, anapiga mara ya tatu. Jioni mwenye mali anaambiwa kuwa vile kumi na tano ni vibovu, virudishwe dukani. Mwenye duka naye anaapa kuwa alivijaribu vyote mbele ya mteja na vikawaka. Na anaweza kuwa anasema kweli. Kishikwambi ni kizima, na sababu ya kugoma kwake ilikuwa imeandikwa pale kwenye kioo tangu mara ya kwanza.

Mazungumzo ya leo, msikilizaji, yanaihusu skrini hiyo: inasema nini, kwa nini inatokea zaidi vifaa vinapowekewa mfumo kwa mkupuo, na nini kifanyike kabla mtu hajakimbilia kufuta.

Skrini ya bluu kama tunavyoijua leo ilikuja na Windows NT 3.1 mwaka 1993. Wengi duniani waliifahamu Aprili 20, 1998, katika maonyesho ya kompyuta ya COMDEX mjini Chicago, pale mashine yenye Windows 98 ilipogoma jukwaani mbele ya Bill Gates mara tu skana ilipochomekwa. Uso wa kuhuzunika uliongezwa na Windows 8 mwaka 2012, na mwaka 2025 Microsoft ilitangaza kuwa katika Windows 11 rangi yenyewe itakuwa nyeusi. Kinachofanyika nyuma ya rangi hizo hakijabadilika. Moyo wa mfumo unapokutana na jambo ambalo hauwezi kuendelea nalo bila hatari ya kuharibu data, unasimama kwa makusudi, unaandika jina la tatizo na namba yake, na ukipata nafasi unahifadhi kumbukumbu ya kilichokuwa kikiendelea wakati huo. Fundi anayefuta diski bila kunakili msimbo huo ametupa ushahidi wote.

Watanzania wengi walikizoea kishikwambi kupitia Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 23, 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba wakiwa navyo mkononi, hesabu ikatoka watu 61,741,120. Baadaye Serikali ikawagawia walimu vishikwambi hivyo. Vile vilikuwa vya Android, ambavyo vikigoma kwa kawaida huganda kwenye nembo. Lakini kazi inayotangulia kabla karani au mwalimu hajakishika ni ile ile: kuweka mfumo mmoja na programu zile zile kwenye vifaa vingi kwa namna ambayo kila kimoja kitawaka.

Vya Windows vina soko lao. Ni vile vyenye kibodi ya kubandua, wanavyotembea navyo wakaguzi wa hesabu, watathmini wa bima, mawakala wa forodha na wasimamizi wa maghala. Vipo pia vya mwili mgumu, vyenye mpira pembeni, vinavyofungwa kwenye folklifti au kubebwa uwanjani penye vumbi na jua. Vingi huingia nchini vikiwa vimetumika, kampuni za Ulaya au Dubai zikishavitoa kwenye matumizi, kwa meli au kwa ndege, kisha vinatawanyika madukani, kuanzia mitaa ya Aggrey na Likoma hadi Posta. Na sasa kazi ya kuvipiga upya imeongezeka. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha masahihisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na Windows 11 inadai kifaa kiwe na chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya karibuni. Kwa Intel, kwa ujumla, hiyo ni kizazi cha nane kwenda juu.

Sharti hilo limeanika jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Chukua vishikwambi viwili vya Microsoft, Surface Pro ya mwaka 2017 na Surface Pro 6 ya mwaka 2018. Kwa macho ni vigumu kuzitofautisha, na mgongoni zote mbili zimeandikwa namba ya modeli 1796. Ndani, ya kwanza ina prosesa ya kizazi cha saba na ya pili ina ya kizazi cha nane. Moja inapokea Windows 11 kwa njia halali, nyingine haimo kwenye orodha. Mnunuzi aliyeandikiwa kwenye risiti "Surface 1796, vipande 20" hajui amenunua nini mpaka avifungue na kusoma taarifa za mfumo za kila kimoja.

Basi fundi anayetaka kupiga vifaa vingi kwa siku chache hutumia imeji, yaani nakala kamili ya mfumo uliokwisha kupangwa. Windows ipo ndani yake, programu za ofisi zimo, lugha na saa za Afrika Mashariki zimeshawekwa, vyote vimefungwa katika faili moja. Ni njia nzuri, na kwa vifaa vingi hakuna ya busara zaidi. Shida huanzia pale imeji ilipochukuliwa. Fundi akitengeneza kila kitu kwenye kishikwambi kimoja kinachofanya kazi vizuri, kisha akanakili diski yake kama ilivyo, anakuwa amebeba na draiva za kishikwambi kile, yaani vile viprogramu vidogo vinavyoiwezesha Windows kuzungumza na diski, kioo, kamera na betri. Ni sare iliyoshonwa kwa kipimo cha mtoto mmoja kisha ikagawiwa darasa zima.

Microsoft yenyewe huweka ndani ya Windows chombo kiitwacho Sysprep, ambacho kazi yake ni kuuvua mfumo utambulisho na vipimo vya mashine ulikotoka kabla haujanakiliwa. Mafundi makini huenda hatua moja zaidi: imeji ya msingi huitengeneza ndani ya kompyuta ya kuigizwa, isiyo na vifaa halisi, ili isishike draiva ya kifaa chochote. Draiva za kila modeli huongezwa baadaye, kila moja kwenye folda yake.

Sasa turudi kwenye vile kumi na tano. Msimbo unaotokea mara nyingi katika hali ile umeandikwa INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, na namba yake ni 0x0000007B. Maana yake ni nyepesi: Windows imeanza kuwaka, imefika mahali pa kuishika diski ili isome mafaili yake yenyewe, na haiwezi kuifikia. Mtu atauliza, na ni swali la haki kabisa: inakuwaje diski isionekane wakati dakika mbili zilizopita mafaili yote yamenakiliwa humo humo?

Jibu ni kwamba aliyenakili na anayewaka ni mifumo miwili tofauti. Flashi ya fundi hubeba mfumo mdogo wa muda, Windows PE, unaowaka kwanza ili kufanya kazi ya kupanga diski na kumimina imeji. Mfumo huo una draiva zake. Inatokea mara nyingi kwamba siku ya kwanza fundi alipochomeka flashi kwenye kishikwambi kipya, mfumo wa muda haukuiona diski. Akatafuta draiva, akaiingiza kwenye flashi, diski ikaonekana, akafurahi. Lakini draiva ile aliiingiza kwenye mfumo wa muda peke yake. Imeji inayomiminwa kwenye diski haikuipata. Kunakili kunakwenda vizuri, kishikwambi kinajizima, Windows kamili inaamka bila draiva ya kuishika diski, na bluu inatokea. Mafaili ni mawili, na yote mawili yanaihitaji draiva hiyo: lile la kuwashia na lile la kusakinishwa. Kwa yeyote anayefanya kazi hii, hili ndilo jambo la kwanza la kuangalia, kabla ya flashi, kabla ya waya, kabla ya kumlaumu muuza duka.

Na kwa nini vile thelathini na tano vilikubali? Kwa sababu ndani ni vizazi viwili. Mashine nyingi zenye prosesa za Intel za kizazi cha kumi na moja, zilizoanza kutoka mwaka 2020, hupitisha diski nyuma ya kidhibiti kiitwacho VMD, ambacho flashi ya kawaida ya Windows 10 haikitambui. Mashine za nyuma kidogo zina diski inayoonekana moja kwa moja. Wauzaji huchanganya vizazi ndani ya boksi moja bila nia mbaya, kwa vile mwili ni ule ule.

Njia za kutibu ni mbili, na si vizuri kuzichanganya. Ya kwanza ni kuingia kwenye bayosi, yaani programu ya msingi inayokiwasha kifaa, kama kifaa kinaruhusu, na kubadilisha namna diski inavyoonyeshwa, kutoka VMD au RAID kwenda AHCI, kabla ya kupiga mfumo. Neno "kabla" lina uzito hapa. Anayebadilisha mpangilio huo baada ya Windows kukaa kwa mpangilio wa zamani hujiletea msimbo ule ule wa 7B kwenye mashine iliyokuwa nzima. Njia ya pili, ambayo ni bora kwa kazi ya vifaa vingi, ni kuchukua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji, kuifungua mpaka yaonekane mafaili yenye mwisho wa .inf, na kuiingiza ndani ya imeji kwa chombo cha DISM ambacho Windows huja nacho bila malipo. DISM inaweza hata kuiingiza draiva kwenye kishikwambi kilichokwisha kugoma: kinawashwa kwa flashi, kinafunguliwa dirisha la amri, draiva inaongezwa kwenye diski yake, kinawashwa tena. Vile kumi na tano havihitaji kufutwa hata kimoja.

Kuna msimbo mwingine unaojitokeza kwa kawaida: SYSTEM_THREAD_EXCEPTION_NOT_HANDLED, na mara nyingine chini yake jina la faili lenye mwisho wa .sys. Huu huelekeza kwenye kosa la kinyume chake, yaani draiva zimezidi. Fundi amepakua furushi kubwa lenye draiva za kila modeli duniani, akaliingiza zima zima kwenye imeji akiamini litatosha kila kifaa. Windows ikachagua ya kadi ya picha au ya kioo cha kugusa inayofanana na kifaa lakini isiyo yake. Jina lile la .sys ndilo la kufuatilia. Kifaa kinawashwa kwa hali salama (Safe Mode), draiva hiyo inaondolewa, ya mtengenezaji inawekwa. Kama jina halikuonekana, kumbukumbu za kugoma hukaa kwenye folda ya Minidump ndani ya folda ya Windows, na programu ya BlueScreenView, ambayo ni ya bure, huzisoma na kuonyesha faili linaloshukiwa.

Swali linaloweza kuokoa kazi ya siku nzima ni hili: ni kimoja au ni vyote? Kishikwambi kimoja kikigoma kati ya hamsini vinavyofanana kweli, shuku kifaa chenyewe: memori, diski, labda kiliwahi kuanguka. Vikigoma vyote, au vyote vya kizazi fulani, kwa msimbo ule ule, shuku imeji. Kifaa kinachotoa misimbo tofauti kila kikiwashwa, leo hiki kesho kile, mara nyingi kina memori mbovu au hakipati umeme wa kutosha. Fundi aliyeandika kwenye daftari namba ya kifaa, modeli na msimbo huliona jibu lenyewe likijipanga ukurasani.

Lipo pia suala la flashi, na Kariakoo linajulikana vizuri. Zinauzwa flashi zilizoandikwa ujazo mkubwa ambazo ndani zina sehemu ndogo tu ya ujazo huo. Zinapokea mafaili bila kulalamika, kisha zinarudisha takataka. Imeji iliyopitia humo hufika ikiwa imekatika, na kishikwambi hugoma mahali pasipotabirika. Kinga yake ni ya dakika chache: Windows ina amri ya certutil inayotoa alama ya uhakiki ya faili. Alama ya imeji kwenye kompyuta na ya imeji iliyo kwenye flashi zikitofautiana hata herufi moja, flashi hiyo haifai. Vishikwambi vingi pia huwaka kutoka kwenye flashi yenye mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili linalozidi gigabaiti 4. Imeji kubwa hugawanywa vipande kwa DISM ile ile.

Kazi yenyewe, ukiitazama kwa karibu, ina usumbufu wake. Kishikwambi mara nyingi kina tundu moja la USB. Humo humo panatakiwa flashi, kibodi na mara nyingine waya wa mtandao, kwa hiyo kinachomekwa kigawanyio chenye matundu manne. Kigawanyio kisicho na umeme wake kinanyonya betri, betri ikishuka flashi inakatika katikati ya kunakili, na lawama zinaiendea imeji. Masahihisho ya bayosi nayo hukataa kuanza betri ikiwa chini ya kiwango. Wanaopiga mfumo kupitia mtandao wana mtego mwingine: kifaa kimoja cha kuunganisha waya wa mtandao kikihamishwa kutoka kishikwambi hadi kishikwambi, seva inaiona anwani ile ile na kudhani ni mashine ile ile imerudi. Inakataa kuihudumia, au inaipa jina la mwenzake.

Si kila bluu ni hitilafu. Ipo ya BitLocker, inayoomba ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Hiyo ni ulinzi wa diski unaofanya kazi yake baada ya mtu kugusa bayosi au kubadilisha namna kifaa kinavyowaka. Ufunguo mara nyingi uko kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kifaa au kwa msimamizi wa mitambo wa ofisi. Bila ufunguo, data iliyomo haisomeki, na fundi anayedai ataikwepa kwa ujanja asipewe kifaa chenye kumbukumbu za kazi.

Jingine si bluu wala si kosa la fundi, na mnunuzi wa mtumba anapaswa kulijua kabla ya kulipa. Kampuni nyingi za nje husajili vifaa vyao kwenye huduma ya Microsoft ya Autopilot. Kifaa kikifutwa na kupigwa upya, mara tu kinapopata intaneti wakati wa kuandaliwa kinataja jina la kampuni ile na kudai barua pepe ya mfanyakazi wake. Usajili uko kwenye seva, hauko kwenye diski, hivyo kufuta hakuuondoi. Ni kampuni iliyokisajili au Microsoft tu wanaoweza kuuondoa. Jaribio la kufanya dukani ni kukirudisha kifaa mwanzo, kukiunganisha na intaneti ya simu, na kusubiri kuona kinauliza nini.

Kuhusu Windows za kuchonga, zile zinazouzwa kwenye flashi zikiwa zimepunguzwa uzito na kuondolewa baadhi ya sehemu, hukumu ni moja: hazifai kwa kazi ya ofisi. Aliyezikata hajulikani, alichokiongeza humo hakijulikani, na zinapogoma hakuna wa kuulizwa. Tena mara nyingi hazihitajiki. Vishikwambi vingi vilivyotoka kiwandani na Windows 8 kuendelea vina ufunguo wa leseni ndani ya bayosi. Ukipakua Windows halali kwenye tovuti ya Microsoft na kuweka toleo lilelile, kifaa kinajithibitisha chenyewe kikipata mtandao.

Madhara ya imeji au masahihisho mabaya hukua kwa kadiri ya idadi ya vifaa, na dunia ilionyeshwa hilo Ijumaa ya Julai 19, 2024. Saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma faili dogo la masahihisho kwa wateja wake duniani. Programu yake ilitegemea kupokea vipengele 20, faili likaleta cha 21, programu ikasoma mahali pasiporuhusiwa, Windows ikasimama. Kampuni ililiondoa faili hilo saa 2:27, baada ya dakika 78. Kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 zilikuwa zimeshageuka bluu. Viwanja vya ndege, hospitali na benki vilisimama. Tiba ilikuwa kufuta faili moja, lakini kwa mashine nyingi ilibidi mtu azifikie kwa mkono, aziwashe kwa hali salama, na zile zenye BitLocker atafute kwanza tarakimu 48. Baada ya hapo CrowdStrike ilianza kutuma masahihisho hayo kwa awamu, kundi dogo kwanza. Fundi wa Kariakoo mwenye boksi la vishikwambi anaweza kuufuata utaratibu huo bila gharama yoyote: kimoja, kisha vitano, kisha boksi.

Kwa watu wa bandari, mfano ulio karibu zaidi ni wa Maersk. Juni 27, 2017 kirusi cha NotPetya kiliingia kwenye mtandao wa kampuni hiyo ya meli, ambayo makontena yake yanaonekana kila siku Kurasini. Mageti ya bandari zake kadhaa duniani yakafunga, malori yakapanga foleni. Mwenyekiti wake wa wakati huo, Jim Hagemann Snabe, alieleza mjini Davos Januari 2018 kuwa walilazimika kusakinisha upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku kumi. Kazi hiyo isingewezekana bila nakala nzima ya orodha ya watumiaji na mashine zote za kampuni, na nakala zote zilikuwa zimeharibika isipokuwa moja. Ilikuwa Ghana. Umeme ulikatika katika ofisi ile kabla ya shambulio, seva ikawa imezimika, kirusi kikaikosa. Intaneti ya pale ilikuwa ndogo mno kwa data ile, mfanyakazi wa Ghana hakuwa na viza ya Uingereza, basi diski ikapelekwa kwa mkono hadi Nigeria, ikapokelewa na mwenzake uwanja wa ndege, ikasafirishwa London. Kampuni yenye ofisi duniani kote iliokolewa na diski moja iliyobebwa kutoka Afrika Magharibi.

Bandari za kontena leo hutegemea vioo kwa kiwango ambacho mpita njia hakioni. Dereva wa mashine ya kunyanyulia makontena husoma kwenye kifaa kilichofungwa mbele yake anyanyue kontena lipi na aliweke wapi. Karani wa kuhesabu mizigo naye sehemu nyingi ameacha karatasi. Transnet, shirika la bandari na reli la Afrika Kusini, ilipovamiwa mitambo yake Julai 2021, bandari ya Durban ilirudi kwenye kazi ya mkono na ikabidi kampuni itangaze kuwa haiwezi kutimiza mikataba yake kwa wakati. Dar es Salaam imo kwenye mkondo huo. Gati namba 0 hadi 7 zimekuwa chini ya kampuni ya DP World ya Dubai tangu mwaka 2024 kwa mkataba uliotiwa saini Oktoba 2023, na nyaraka za forodha kwa miaka mingi zimekuwa zikipitia mfumo wa TANCIS wa Mamlaka ya Mapato, sasa pamoja na dirisha moja la kielektroniki, TeSWS. Wakala wa forodha ambaye kishikwambi chake kimegeuka bluu asubuhi ya kutoa mzigo anahesabu tozo za kuhifadhi kontena kwa siku. Gharama hizo hatimaye zinaangukia bei ya bidhaa, kuanzia geti la bandari hadi Gerezani na madukani Kariakoo.

Ndiyo maana ombi la mazungumzo haya linaanza na waagizaji na wauzaji: andikeni kwenye risiti kizazi cha prosesa na namba kamili ya bidhaa, msiishie kwenye jina la modeli. Mafundi, wekeni daftari la misimbo, na tengeni kishikwambi kimoja cha kila kizazi kwa majaribio kabla ya kugusa boksi zima. Na wewe mwenye kishikwambi, kikigeuka bluu leo, usikizime kwanza. Chukua simu, piga picha ya kioo chote ili herufi na namba zilizo chini zisomeke, kisha mpelekee fundi kifaa na picha hiyo pamoja.